Salamu kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu watu wenye ulemavu njiani, gatini na sokoni Lamu

Ukurasa huu ni wa mtu anayepita njiani: mwenye duka, baharia, mwanafunzi anayetoka madrasa, mama anayerudi sokoni, mgeni aliyeshuka gatini asubuhi. Majibu yanatoka kwa watu wenye ulemavu wa hapa Lamu na jamaa zao. Nami ni mmoja wa hao jamaa, kwani kaka yangu anatumia kiti cha magurudumu. Maswali ni yale yale tunayoulizwa kila siku, mengine kwa upole, mengine kwa kukodolewa macho tu.

## Mambo ya kuanzia

1. Nikikutana na mtu mwenye ulemavu njiani, nianze vipi?

Msalimie. Katika mji huu mtu hapiti barazani kimya, na aliyeketi hawi mzito wa kuitikia. Lakini kaka yangu akipita Usita wa Mui, wengi humsalimia yule anayemsukuma: "Salaam aleikum bwana, huyu naye hajambo?" Huyu mwenyewe yupo hapo hapo, ni mtu mzima, ana mke na watoto, na ni fundi wa simu. Salamu inampita juu ya kichwa.

Mtazame usoni umpe salamu yake. Akiwa mkubwa kwako mwamkie shikamoo kama unavyomwamkia mkubwa mwingine yeyote. Mtu mzima hapapaswi kichwani kwa sababu tu amekaa chini kuliko wewe. Kwa asiyeona, toa salamu kwa sauti na ujitaje: "Ami, ni mimi, mtoto wa fulani." Usimwambie "hebu nitambue kwa sauti", mchezo huo humchosha mtu anayekutana na watu mia kwa siku. Na ukiondoka muage, asije akabaki akizungumza na ukuta.

2. Nimwite nani?

Kwa jina lake. Ukizungumzia watu kwa jumla, sema mtu mwenye ulemavu, asiyeona, mtu mwenye ualbino, mtoto mwenye usonji. Viziwi wengi wenyewe hawaoni ubaya kuitwa viziwi. Maneno kama taahira, punguani na zeruzeru yaache kabisa, hata kwa utani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Kwa hiyo adabu hii ni sheria pia.

3. Je, nimsaidie au nimwache?

Muulize, kisha usubiri jibu. Swali fupi latosha: "Je, wataka mkono?" Wengi huuliza huku tayari wameshika kiti au wamemvuta asiyeona kwa mkono, na hapo swali linakuwa limekwisha maana yake. Fikiria mtu anakuja nyuma yako, hujamwona, anakushika kiunoni na kukusogeza. Kiti cha magurudumu, magongo na fimbo nyeupe ni sehemu ya mwili wa anayevitumia. Kuvishika ni kumshika yeye.

Akisema ndiyo, muulize afanyiwe nini, kwa maana yeye ndiye ajuaye. Akisema hapana, sema "haya, safari njema" uendelee na njia yako. Akikujibu kwa ukali, tazama swali la 15.

4. Mwanangu ameuliza kwa sauti, "Mama, yule ana nini?" Nimnyamazishe?

Usimfinye wala usimvute. Mtoto anayefinywa hujifunza kwamba yule mtu ni wa kuogopwa. Mjibu kwa sauti ya kawaida: "Miguu yake haitembei, ndiyo maana ana kiti. Msalimie." Watoto wakishapata jibu hutulia. Wanaoendelea kukodoa macho mara nyingi ni sisi wakubwa.

## Sadaka, dua na huruma

5. Siku ya Ijumaa nikimpa shilingi 20 au 50, nimekosea?

Anayeomba amekwisha kukueleza haja yake. Mpe ukiweza, na usipoweza mwambie neno jema. Swali linahusu yule ambaye hakuomba.

Hili tuliona sisi wenyewe. Baada ya sala ya Ijumaa kaka yangu alikuwa mahali pake pa kazi, bisibisi mkononi, simu ya mteja imefunguliwa juu ya kibao. Mtu akapita, akamwekea sarafu mapajani, akaharakisha kabla hajarudishiwa. Mteja alikuwa amesimama pale pale. Mpaka wakati ule alikuwa anazungumza na fundi. Baada ya ile sarafu akaanza kuuliza kama kweli kazi hiyo anaiweza, na kama hakuna mtu mwingine wa kuiangalia simu. Aliyetoa alikwenda zake na moyo mweupe. Hakujua alichokiacha nyuma.

Ukitaka kumnufaisha mtu wa namna hiyo, mpelekee kazi. Nunua kwake, mlipe bei aliyoitaja, patana naye kama unavyopatana na wengine, na kazi ikiwa mbaya mwambie. Ukiwa na msaada mkubwa zaidi, kama ada ya mtoto au tairi za kiti, zungumza naye faraghani. Na akikurudishia sarafu yako, ipokee bila kununa.

Kwa watoto ni jambo zito zaidi. Mtoto mwenye ulemavu anayepewa peremende na pesa na kila mpita njia hujifunza kupokea kutoka kwa mkono wowote na kuguswa na yeyote. Kuna watu wabaya wanaoitumia tabia hiyo. Ukitaka kumpa kitu, muulize kwanza mzazi wake.

6. Je, kumwombea dua kwa sauti, au kumwelekeza kwa tabibu, ni vibaya?

Dua ni njema, na hakuna wa kukuzuia kuiomba moyoni au nyumbani kwako. Yanayoumiza ni ya hadharani: kusimama mbele ya mtu ukatikisa kichwa, ukasema "subhanallah, hujafa hujaumbika", kana kwamba yeye amewekwa pale awe onyo kwa wengine. Mtu huyo ametoka kununua samaki. Hakutoka awe waadhi.

Tabibu, kombe, kisomo, hospitali ya nje: niamini, familia imekwisha kusikia yote, na mengi imeyajaribu. Kuwauliza wazazi walikosea nini, au ni jini gani aliyemkumba mtoto, ni kuwatwika lawama juu ya uchovu walio nao.

Wanaotaka dalili ya dini wanayo iliyo wazi. Sura ya 80 ya Qur'ani, Abasa, yaanza na habari ya asiyeona, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyemjia Mtume (s.a.w.) wakati yuko na wakubwa wa Makureshi, naye hakugeukiwa. Aya zikashuka kwa ajili yake. Angalia alichokijia: alikuja kutaka elimu, hakuja kutaka sadaka. Haki aliyowekewa ni ya kusikilizwa. Baadaye huko Madina alikuwa akiadhini, yeye na Bilal.

7. Lakini si mnalipwa na serikali?

Wachache. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia zilizosajiliwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu ni kitambulisho kinachomwezesha mtu kuomba huduma, wala haina mshahara ndani yake. Hata hivyo, hilo si swali la kumuuliza mtu usiyemjua, kama usivyomuuliza mwenye duka anaingiza kiasi gani.

## Vichochoroni, dukani na baharini

8. Nimwongoze vipi asiyeona katika vichochoro vyetu?

Usimshike, mpe mkono wako yeye akushike, juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Atausoma mwili wako, ukipanda atajua, ukisimama atajua. Penye kichochoro kisichopitisha watu wawili, peleka mkono wako nyuma ya mgongo ili akufuate.

Sema yaliyo mbele, kwa maneno yanayoonyesha mahali. "Ngazi mbili, kupanda." "Mtaro uko kushoto kwako." "Punda watatu wanakuja na mzigo wa mchanga, tusimame ukutani mpaka wapite." Ukisema "angalia hapo" hujasema kitu. Mkifika, muweke mkono wake kwenye ukuta au kwenye kiti, usimwache katikati ya njia.

Msaada mkubwa zaidi unatolewa hata kabla hajapita. Asiyeona aliyezaliwa Lamu anaujua mji kwa kumbukumbu, kila daka na kila kona. Asichoweza kukumbuka ni rundo la mawe lililoshushwa asubuhi hii, punda aliyefungwa kamba ikakata njia, mkokoteni ulioachwa nje ya duka, pikipiki iliyoegeshwa ubavuni mwa ukuta. Sogeza vyako.

Anayeongozwa si mzigo. Henry Wanyoike, mkimbiaji wetu asiyeona, alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Paralimpiki za Sydney mwaka 2000. Karibu na mwisho mwenzake aliyekuwa akimwongoza aliishiwa nguvu, na Wanyoike ndiye aliyemvuta mpaka mstarini.

9. Yuko gatini kwenye kiti cha magurudumu na boti iko tayari. Tumbebe?

Hapa ndipo wema na aibu hukutana kila siku. Kisiwani hakuna njia nyingine: ukienda hospitali kubwa ya bara, ukienda Malindi au Mombasa, lazima uvuke hadi Mokowe. Maji yakijaa, ubavu wa boti hukaribia gati na kazi huwa nyepesi. Maji yakipwa, boti iko chini kabisa na ngazi zina utelezi wa kijani. Vijana wanne huruka, mmoja anashika huku, mwingine kule, mtu anajikuta hewani kabla hajasema neno, na kiti chake kinafuata kikigonga mawe.

Fanyeni hivi. Mmoja azungumze naye, wengine wanyamaze. Muulizeni: unabebwaje? Wako wanaotaka kubebwa ndani ya kiti, wako wanaotaka kubebwa mgongoni, wako wanaoweza kukaa ukingoni na kuteremka wenyewe wakipewa bega moja. Wako pia wenye maumivu ya mgongo au mpira wa mkojo, na kuvutwa vibaya kunaweza kuwapeleka hospitali.

Akibebwa na kiti, fungeni breki kwanza. Shikeni chuma cha kiti chenyewe. Mikono ya kiti na vikanyagio katika viti vingi hutoka, ukivishika vitabaki mkononi mwako na mtu yuko chini. Hesabuni pamoja, yeye ndiye aseme "haya". Ndani ya boti mpeni jaketi okozi kabla ya abiria wengine, na kiti kifungwe kwa kamba peke yake. Msimfunge yeye kwenye kiti, kwa kuwa boti ikipinduka chuma kitamzamisha.

Akiwa mwanamke, kuna jambo la ziada ambalo mabaharia wengi hulisahau kwa haraka. Muulize anataka kushikwa na nani. Huenda yuko mwanawe, kaka yake, au mwanamke mwenzake mwenye nguvu. Akilazimika kubebwa na wanaume wasio wake, apewe nafasi ya kukusanya buibui lake na kulibana vizuri, na wanaoshika washike anapowaelekeza. Najua mama mmoja aliyeacha kwenda kliniki kwa sababu ya jinsi alivyonyanyuliwa safari ya mwisho mbele ya gati nzima. Hakuanguka, wala hakuumia mwili. Aliona haya tu, na haya ile ikamfungia nyumbani.

Ikiwezekana kusubiri maji yajae, msubirini.

10. Nimepiga kelele "simile!" na hakusogea. Kiburi?

Huenda hasikii. Anayeongoza punda au kusukuma mkokoteni asidhani kila mgongo mbele yake umemsikia. Punguza mwendo, mpitie upande anaoweza kukuona, au mguse bega taratibu.

Ukizungumza na kiziwi, simama penye mwanga, usifunike mdomo, usipige kelele. Andika kwenye simu mkishindwana, ingawa si kila kiziwi alipata bahati ya kusoma. Jifunze ishara chache, hata salamu na bei. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, kwa kifungu cha 120 cha Katiba, kwa hiyo usiichukulie kuwa mchezo wa mikono. Akiwa na mtu wa kumfasiria, mtazame yeye, si mfasiri.

11. Mteja wangu haoni. Nimsaidie vipi na pesa na simu?

Mhesabie chenji kwa sauti, noti moja moja, ukimwekea mkononi. Noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina mistari iliyoinuka pembeni ya kupapasa, kwa hiyo mpe nafasi azipapase bila kumharakisha.

Kwenye M-Pesa, usimwambie ataje namba yake ya siri mbele ya foleni, wala usimbonyezee wewe. Msomee kilichoandikwa, mrudishie simu, ageuke abonyeze mwenyewe. Akikuomba umsomee ujumbe wa salio, msomee kwa sauti ya chini. Foleni isogee nyuma kidogo. Ombi hilo ni la mwenye duka kulitoa, usimwachie yeye.

## Maswali magumu

12. Kuna mambo gani ya kuangalia kwa mtu mwenye ualbino?

Usimguse ngozi wala nywele, usimpige picha kwa siri, usimtupie maneno ya "dili" au "pesa inatembea". Wako waliouawa Afrika Mashariki kwa imani hizo za kishirikina, na anayeyasikia njiani hana njia ya kujua kama wewe unatania. Mwite kwa jina, siyo "mzungu".

Wengi wao huona kwa shida, hasa juani. Akikupita bila salamu huenda hakukuona. Kwenye jua la saa saba mwachie kivuli cha baraza. Jua la huku ndilo adui mkubwa wa ngozi yake. Sensa ya 2019, iliyowahesabu kwa mara ya kwanza, ilipata watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya.

13. Mtu ameanguka na kifafa, watu wanasema ni jini. Nifanye nini?

Angalia saa. Ondoa vitu vigumu karibu naye, mwekee nguo laini chini ya kichwa, legeza kilichobana shingoni. Usimkandamize. Usimtie kijiko, kidole wala maji mdomoni. Kiatu, kitunguu na moshi puani havisaidii. Mitikisiko ikikoma mlaze kwa ubavu, umkae karibu mpaka fahamu zirudi. Ikipita dakika 5, au ikirudi mara ya pili kabla hajazinduka, apelekwe hospitali.

Ikitokea botini, nahodha apunguze mwendo na abiria wamtoe ukingoni. Akiwa majini, inua kichwa chake juu ya maji mpaka mitikisiko ipungue, kisha mtoeni. Huyo lazima aonwe na daktari hata akisema yuko salama. Wanaosimama wakirekodi kwa simu waambie waache. Akizinduka huwa na haya. Mfunike, mwambie yuko wapi na kimetokea nini.

14. Vijana wanamchezea mtu mwenye ulemavu wa akili: wanamchezesha ngoma wampige picha, wanampa sigara. Yeye mwenyewe anacheka. Niingilie?

Ndiyo. Kucheka kwake hakumaanishi ameridhika. Mtu asiyekuwa na marafiki hukubali mengi ili asiachwe peke yake, na hao vijana wanalijua hilo.

Huna haja ya ugomvi. Nenda kwake yeye, mwite kwa jina, mwambie "twende zetu, njoo tunywe chai", umtoe pale. Ukitaka kuzungumza na vijana, zungumza na mmoja mmoja, au na mzazi wake. Mji huu ni mdogo. Video ikiwa imesambazwa, usiitume kwa mwingine hata kwa nia ya kulaani.

Ukihisi kuna zaidi ya mzaha, kwamba anapelekwa mahali, anapigwa, ananyang'anywa pesa au anaingiliwa kimwili, mwone jamaa yake, mzee wa mtaa au chifu siku hiyo hiyo, na polisi. Namba 116 ni ya watoto na 1195 ni ya ukatili wa kijinsia. Kwa aliyeingiliwa kimwili, hospitali kwanza, kabla hajaoga. Usikubali yamalizwe barazani kwa fidia. Aliyedhulumiwa hapati chochote katika maelewano yale, na mkosaji hubaki mtaani.

Na mtoto mwenye usonji ukimwona peke yake kando ya bahari, usipige kelele wala usimkimbilie. Watoto hawa wengi huvutwa na maji. Jiweke kati yake na bahari, zungumza kwa upole, kaa naye, na umtume mtu mwingine awatafute wa kwao.

15. Niliuliza kwa adabu nikajibiwa kwa ukali. Kwa nini nijisumbue tena?

Huenda wewe ulikuwa wa kumi siku hiyo, na tisa waliotangulia hawakuuliza. Huenda ana maumivu. Huenda pia ni mtu mkali tu, kama walivyo wakali wengine. Watu wenye ulemavu hawakuumbwa wote na subira ya Nabii Ayubu. Anayekuja baada yake hajakujibu vibaya; muulize naye.

16. Mtu anasema ana ulemavu lakini simuoni na chochote. Nimwamini?

Mwamini. Kifafa, moyo, sikio moja lisilosikia, akili inayochoka na kelele: mengi hayaonekani. Akiomba kukaa botini, mpishe, usimtake ushahidi.

17. Nimeona abiria akitozwa nauli mara mbili, yake na ya kiti. Ni sawa?

Si sawa. Kiti ni miguu yake, siyo mzigo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza kumbagua mtu kwa ulemavu, na cha 54 kinampa haki ya kufikia usafiri wa umma. Iko pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003.

Muulize kwanza abiria kama anataka umsemee, kwa sababu kesho atahitaji boti ile ile na wewe hutakuwapo. Akikubali, mwambie nahodha kwa heshima, mkiwa bado gatini, kabla injini haijawashwa. Nahodha akikataa, andika jina la boti, siku na saa, umpe abiria. Malalamiko hupelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu au Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Mara nyingi halifiki huko: abiria wawili watatu wakisema "bwana, huyo ni nauli moja", inakuwa nauli moja.